Msomaji wa Kwanza: Uchapishaji Binafsi na Wachapishaji Wadogo Kutoka Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahoji dhana ya uchapishaji binafsi kwa kuitazama kutoka mahali ambapo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujazoea kusimama, yaani mwambao wa Ziwa Mweru, katika mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yanalinganisha matini tatu zinazohusu eneo hilo na nchi jirani ya Katanga: tawasifu ya Tippu Tip, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi ya Mwata Kazembe XIV, na Vocabulaire de Ville de Elisabethville ya André Yav. Dai kuu ni kwamba mjadala wa nani alilipia chapa umefunika swali zito zaidi, la nani alikuwa msomaji wa kwanza wa muswada na alikuwa na mamlaka gani juu yake. Mwandishi chipukizi wa Nchelenge anatazamwa kwa mwanga wa swali hilo.

1. Kuchapa na Kuchapisha

Kiswahili kimebahatika kutenganisha kwa kiambishi kimoja kazi mbili ambazo waandishi wengi chipukizi huzichanganya. Kuchapa ni kazi ya mashine, karatasi na wino. Kuchapisha, kwa mnyambuliko wa kusababisha, ni kufanya kitu kichapwe. Mchapaji hulipwa kwa idadi ya kurasa na hana haja ya kujua kilichoandikwa ndani. Mchapishaji ni mdhamini: amesoma, amechagua, amebishana na mwandishi, ametoa fedha, na amekubali jina lake lisomwe chini ya jalada. Mtu anayepeleka riwaya yake katika duka la kuchapa na kurudi na maboksi mawili ya vitabu bila shaka amechapa. Iwapo amechapisha ni jambo linalohitaji kuthibitishwa.

Tofauti hii inaweza kuonekana ya kisarufi tu. Lakini katika makongamano ya miaka ya karibuni uchapishaji binafsi umesifiwa kama ukombozi wa mwandishi dhidi ya mashirika makubwa, na umelaumiwa kama mlango wa kuingizia vitabu vibovu. Pande zote mbili zinatazama mfuko wa fedha. Anayesifu hufurahi kwamba mwandishi halazimiki tena kusubiri miaka mitatu apate jibu la mhariri wa mji mkuu. Anayelaumu husikitika kwamba hakuna aliyelipwa kusema hapana. Hakuna upande unaouliza muswada ulisomwa na nani kabla haujawa kitabu, na msomaji huyo alitaka nini.

Nchelenge ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Ni mji wa boma katika Jimbo la Luapula, ufukweni mashariki mwa Mweru, na soko lake la Kashikishi hupokea samaki wa ziwa na chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa juani na kusafirishwa kwenda miji ya migodi ya Zambia na Lubumbashi. Ng'ambo ya maji ni Kongo, yenye miji ya Pweto na Kilwa. (Jina hilo la mwisho linaweza kumpoteza msomaji wa pwani: upande wa Zambia wa ziwa hilohilo kipo pia kisiwa cha Kilwa, na vyote viwili havina uhusiano wa karibu na Kilwa Kisiwani ya Tanzania.) Lugha ya nyumbani na ya kanisani ni Kibemba, pamoja na lahaja za Washila, Walunda na Wabwile. Kiswahili huingia kwa mitumbwi na malori. Ni Kiswahili cha Katanga, lugha ya mizani na bei, na hakimo katika lugha saba za kienyeji ambazo shule za Zambia zinazitambua, yaani Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale.

Kwa hiyo mwandishi wa Nchelenge anayetaka kuandika kwa Kiswahili hana soko la shule. Na anayetaka kuandika kwa mazungumzo halisi ya ufukweni, yenye maneno ya Kishila ndani ya Kibemba na Kiswahili ndani ya yote mawili, hana hata kamusi ya kujitetea nayo. Kwake uchapishaji binafsi si chaguo miongoni mwa machaguo mengi. Ndiyo njia iliyobaki.

2. Wasomaji Wawili Wenye Mamlaka

Si kweli, hata hivyo, kwamba mwambao huu haukuandikwa. Mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili inapita jirani yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, anasimulia vita vyake vya mwaka 1867 dhidi ya Nsama, mtawala wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Ushindi huo ulimfungulia njia ya pembe na watumwa kuelekea kusini na magharibi. Habari hizo aliziandika mwenyewe uzeeni Unguja, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu.

Aliyemhimiza aandike, akazigeuza hati zake kuwa za Kirumi na kuzitafsiri kwa Kijerumani, ni Heinrich Brode wa ubalozi mdogo wa Ujerumani Unguja. Matini ilitoka Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Wasomaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki waliipata kwa wepesi zaidi pale W. H. Whiteley alipoitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita. Kwa vigezo vya leo mwandishi alifanikiwa sana, kwani alipata mhariri, mfasiri na jarida lenye heshima. Alichokosa ni msomaji wa lugha yake. Msomaji wake wa kwanza alitaka maarifa juu ya njia, watawala na biashara za nchi ambayo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuigawana, na tawasifu ina sura ya majibu kwa maswali hayo: safari, majina, hesabu, madeni. Watabwa waliovamiwa hawana sauti ndani yake. Hilo ni kosa la mwandishi kabla halijawa la mhariri, lakini mhariri huyo hakuwa na sababu ya kulitaja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Nchelenge. Kusini kidogo mwa ziwa ni Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa mashariki. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia mwaka 1941 hadi 1950, aliandaa kwa Kibemba historia ya watu wake kwa msaada wa Padre Edouard Labrecque wa shirika la Mapadre Weupe. Kitabu kilitolewa London mwaka 1951, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Jina lake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake ni wahenga wangu na watu wangu. Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Giacomo Macola ameonyesha jinsi kilivyotokana na siasa za ufalme chini ya ukoloni.

Neno la kupimwa hapa ni lile kiambishi cha umiliki, wangu. Katika uchunguzi alioutoa mwaka huohuo wa 1951, Cunnison alieleza kwamba katika bonde la Luapula historia ilikuwa mali. Kila ukoo ulikuwa na yake, na mtu hakusimulia ya mwenzake, hata kama aliijua, kwa sababu haikuwa yake kuitoa. Kitabu kilichopigwa chapa kilivunja utaratibu huo. Historia ya Kazembe ikaweza kusomwa shuleni na mtoto wa ukoo wowote, na hadithi za wengine zikaingia ndani yake kama sura za hadithi ya Walunda. Iliyo maarufu zaidi ni ya Nachituti, dada wa mtawala wa Washila aitwaye Nkuba. Kaka yake alimuua mwanawe. Akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi, na alipolipiziwa akamkabidhi mfalme huyo udongo na maji ya nchi. David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya uvuvi na siasa za Mweru, amefuatilia jinsi simulizi hii inavyotumika kueleza nani ana haki juu ya ardhi na nani juu ya ziwa.

Washila walikuwa wavuvi wa ziwa kabla ya Walunda kufika. Wao pia wana Nachituti wao. Tofauti ni kwamba toleo lao halikupata padre wa kulisoma wala nyumba ya London ya kulichapa. Kutoka hapo uchapishaji unakuwa jambo la maji na nyavu, maana katika mgogoro wa mipaka ya uvuvi mwenye kitabu huweka kitabu mezani, na asiye nacho huambiwa asimulie. Hiyo ndiyo sababu suala la wachapishaji wadogo lina uzito kwenye mwambao huu kuliko katika mji wenye maduka kumi ya vitabu. Matoleo mawili ya hadithi moja yakishindana, moja likiwa na jalada, hayashindani kwa haki.

3. Kitabu cha Watumishi

Mfano wa tatu unatoka Lubumbashi, mji ambao samaki wa Mweru wamekuwa wakiliwa tangu uitwe Elisabethville. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa mji huo kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu na kudurufiwa. Kilikusanywa na André Yav na kuitwa Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa; matini yote ni Kiswahili cha Katanga. Ndani yake mna historia ya mji na nchi tangu enzi za Msiri na ujio wa Wabelgiji hadi wakati wa uhuru, kwa macho ya watu waliopika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za wazungu.

Kwa nini kitabu cha historia kiitwe msamiati? Johannes Fabian, aliyekifanya kijulikane nje ya Katanga, ameandika kwingine kwa kirefu juu ya vijitabu vya msamiati wa Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo ya Kibelgiji, ili mwajiri aweze kumwamuru mpishi, mfuaji na mlinzi. Vilikuwa vitabu vya maneno machache na vitenzi vingi vya kuamrisha. Jina la kijitabu cha mwaka 1965 linaweza kusomwa kwa msingi huo. Watumishi waliokuwa wametajwa katika misamiati ya mabwana kama watu wa kupokea amri walichukua jina la utanzu uleule wakalijaza simulizi yao. Ikiwa usomaji huu una ukweli, basi kejeli iliyomo katika jalada lile ni kali kuliko nyingi zilizomo katika riwaya zinazofundishwa vyuoni, na hakuna mhariri wa kulipwa ambaye angeiacha ipite. Angeuliza, kwa adabu na kwa haki ya kazi yake, kwa nini kitabu kisicho na orodha ya maneno kiitwe hivyo, na angependekeza jina lililo wazi zaidi.

Tahajia ya matini hiyo ndiyo iliyowashughulisha zaidi wanaisimu. Maneno hayatenganishwi mahali panapotarajiwa, alama za uakifishi ni chache, na sauti zimeandikwa kwa mazoea ya Kifaransa mahali na kwa sikio la mwandishi mahali pengine. Msomaji aliyezoea Kiswahili Sanifu akiitazama kwa macho peke yake hukwama. Fabian aliutatua ugumu huo kwa njia yenye somo kubwa: Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hiyo, aliisoma matini kwa sauti, na kutokana na sauti hiyo ikaandikwa upya ndipo ikatafsiriwa. Kilichoonekana kama fujo ya tahajia kikawa usemi wenye mpangilio, wenye vituo vyake na msisitizo wake. Matini haikuwa imeandikwa vibaya. Ilikuwa imeandikwa kwa watu ambao wangeisoma kwa midomo, pengine mbele ya wenzao wasiojua kusoma.

Hapa ndipo dhana ya uchapishaji binafsi inapoyumba. Yav hakujichapishia. Chama ndicho kilichochapisha, kwa maana kamili ya mnyambuliko ule: kiliagiza, kilidhamini, kiliweka jina lake. Wasomaji wa kwanza walikuwa wale walioishi yanayosimuliwa, na mamlaka yao yanaonekana katika kila kinachoachwa bila maelezo. Hakuna haja ya kumfafanulia mtumishi mstaafu maisha ya chumba cha uani. Hakuna haja pia ya kumhakikishia kwamba maisha hayo yanafaa kuwa historia. Chama kimekwisha kuamua hivyo. Tippu Tip aliandika kwa ajili ya afisa wa ubalozi, Chinyanta aliandaa kitabu chake kwa msaada wa padre. Yav peke yake alisomwa kwanza na wenzake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulitangaza shirika dogo kuwa mshindi. Ukweli ni mchungu zaidi. Kijitabu kilichodurufiwa hakikuwa na rafu ya kukilinda wala utaratibu wa kukifikisha maktabani. Toleo lake la kitaaluma lilitoka mwaka 1990 kwa John Benjamins, miaka 25 baadaye, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Baadaye matini iliwekwa pia katika hifadhi ya matini za Kiswahili cha Katanga kwenye intaneti. Kazi hiyo inastahili shukrani, na bila hiyo makala haya yasingekuwa na la kusema. Hata hivyo imefuata mkondo uleule wa Berlin na London: sauti ya watumishi wa Katanga imefika Dar es Salaam na Nairobi kwa kupitia Amsterdam. Chama kilikuwa na msomaji wa kwanza aliye bora. Hakikuwa na wa elfu moja.

4. Hesabu ya Maboksi

Katika fasihi ya Kiswahili ya Tanzania waandishi kadhaa wamejaribu kushika ncha zote mbili. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vilikuwa vimetolewa na mashirika ya Uingereza na Afrika Kusini, aliendesha Tanga kampuni yake mwenyewe ya kutolea vitabu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukweli huu husahaulika tunapomfundisha kama mwandishi wa taifa aliyebebwa na taasisi. Ben Mtobwa naye alianzisha Heko Publishers, akatoa riwaya zake na za wengine kwa wasomaji wa mjini waliozinunua kwa fedha zao, bila kushurutishwa na mtihani. Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilitokana na uzoefu wa muda mrefu ndani ya shirika la umma, Tanzania Publishing House. Hatua ya Mtobwa ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mada hii. Mtu aliyeanza kwa kutoa kazi zake akawa msomaji wa kwanza wa kazi za wenzake. Mpaka kati ya uchapishaji binafsi na shirika dogo huru ni huo: siku mwandishi anapolipia muswada usio wake.

Zambia ina historia yake. Kitengo cha machapisho cha Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ndicho kilicholea kizazi cha Stephen Mpashi katika Kibemba. Baada ya uhuru wa mwaka 1964 jukumu likaangukia shirika la taifa, NECZAM, na kundi la waandishi wapya likaendesha jarida la New Writing from Zambia. Kwa mwandishi wa Kibemba kitengo kile kilikuwa baraka, pamoja na ulezi wake wa kimaadili. Kwa mwandishi wa Kiswahili wa Mweru hakikuwa na nafasi, na hakuna kilichokirithi kilichompa.

Basi mwandishi huyo anakwenda kwa mchapaji. Hesabu anayokutana nayo haibadiliki sana kutoka mji hadi mji. Katika uchapaji wa kawaida wa mabamba, gharama kubwa ni ya kuandaa mashine, na hugawanywa kwa idadi ya nakala: nakala mia mbili ni ghali mno kila moja, nakala elfu mbili ni nafuu, lakini mtaji wote unalala katika maboksi chini ya kitanda ukisubiri mchwa. Uchapaji wa kidijitali umelegeza kamba hiyo. Sasa nakala hamsini zinawezekana, na bei ya kila moja haitofautiani sana na ya mia tano. Hilo ni badiliko la kweli. Lakini limepunguza gharama ya kuchapa tu. Gharama ya kuchapisha, yaani siku za mhariri, kusoma prufu, kubeba vitabu hadi kwa mnunuzi na kurudi kudai fedha kwa muuzaji, iko palepale. Na kwa kuwa haimo katika bei anayotajiwa na mchapaji, mwandishi chipukizi huamini haipo.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kupewa kitabu cha namna hiyo kwa mkono wa mwandishi mwenyewe. Jalada linang'aa. Sura ya tatu inamwita mhusika kwa jina ambalo sura ya saba imelibadilisha. Makosa hayo hayatokani na ukosefu wa kipaji. Ni alama ya upweke. Mwandishi amesoma muswada wake mara ishirini, na jicho lililosoma mara ishirini halioni tena. Baadhi ya kampuni zinazojiita wachapishaji huuza huduma kwa waandishi wa aina hii, zikidai fedha za uhariri ambao haufanyiki. Kipimo cha kuzitambua ni chepesi: kampuni ambayo haijawahi kukataa muswada wa mtu mwenye fedha ni duka la kuchapa.

5. Kalamu Nyekundu

Tuseme sasa shirika dogo linaanzishwa Nchelenge au Kashikishi, na muswada wa kwanza unaoletwa ni simulizi ya wachuuzi wa chisense, kwa Kiswahili cha ng'ambo. Katika aya ya kwanza mhariri anakuta batu banakuya mahali ambapo Kiswahili Sanifu kingetaka watu wanakuja. Afanye nini?

Jadi ya uwanja wetu ina jibu lililo tayari. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, moja ya kazi zake ilikuwa kukagua miswada na kuidhinisha iliyofuata usanifu. Idhini hiyo ilijenga lugha yenye vitabu kutoka Mombasa hadi Kigoma, na hakuna mtafiti wa Kiswahili ambaye hajala matunda yake. Ni idhini hiyohiyo ambayo kijitabu cha Yav kisingeipata kamwe. Haina maana ya kuuliza kama Kamati ingekosea kumnyima. Ingefuata kanuni zake. Swali ni kama mchapishaji mdogo wa leo, asiyefungwa na kanuni hizo, anapaswa kujifunga nazo kwa hiari kwa kuogopa kuonekana hajasoma. Wengi hufanya hivyo. Husahihisha lahaja kama wanavyosahihisha makosa ya taipu, kwa kalamu moja, na mwandishi aliyelelewa kuamini kwamba Kiswahili chake ni kibovu huwashukuru.

Makala haya yanashikilia kwamba kalamu hizo ziwe mbili. Mhusika aliyebadilishwa jina ni kosa; batu si kosa. Tarehe zinazogongana ni kosa. Kitenzi cha Katanga si kosa, mradi kinaandikwa kwa namna moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ili msomaji ajifunze kukisoma. Namna hiyo moja inapatikana kwa njia aliyoitumia Kalundi Mango: muswada usomwe kwa sauti mbele ya watu wanaoijua lugha, na penye kukwama pasahihishwe. Ni kazi ya jioni chache, haihitaji mashine, na mchapishaji mdogo anaweza kuifanya vizuri zaidi kuliko shirika kubwa lililoko umbali wa safari ya siku nzima na zaidi kwa basi. Wasikilizaji hao ndio wasomaji wa kwanza. Ikiwa miongoni mwao kuna Mshila na Mlunda, na muswada unamhusu Nachituti, kikao kitakuwa kirefu, na kitabu kitakachotoka humo kitakuwa na haki ya kuwekwa mezani pamoja na kile cha mwaka 1951.

Ubaya wa njia hii usifichwe. Kikundi cha wasikilizaji kinaweza kumdhibiti mwandishi kwa ukali kuliko padre. Chama cha watumishi kilimpa Yav uhuru kwa sababu walitaka jambo moja naye. Mwandishi kijana, hasa wa kike, anayeandika juu ya mahusiano ya wanawake wachuuzi na wavuvi wanaowapa samaki, hatakuta makubaliano hayo katika baraza la wazee wa ufukweni. Kwake msomaji wa kwanza huenda afae kuwa mwanamke mwingine mwandishi, Mansa au Lubumbashi, na muswada usafiri kwa simu. Kumchagua msomaji huyo ni uamuzi wa kiuandishi kama ulivyo uamuzi wa nafsi ya msimulizi, na ungepaswa kufundishwa katika warsha za uandishi badala ya somo la kubuni majalada.

Kwa upande wa msomaji wa elfu moja, njia za Mweru zipo na zinafanya kazi. Magunia ya chisense hupata mnunuzi Lubumbashi na katika miji ya migodi bila wakala wa vitabu kuhusika, kwa mtandao wa watu wanaoaminiana kwa mali kauli. Nakala hamsini juu ya gunia haziongezi nauli ya kutisha. Nakala mbili zipelekwe katika hifadhi ya taifa na maktaba ya chuo kikuu Lusaka, ili zisihitaji kuvumbuliwa na mtafiti baada ya robo karne. Kalenda nayo ifuatwe. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo watu wana muda wa kusikiliza muswada na hawana fedha za kununua kitabu. Kitabu kitoke Machi, nyavu zinaporudi majini.